Mizizi Iliyokwenda Upogo

Fundi wa maabara ya mbegu alikuwa na maharage ya kumwaga, ila hakuwa na mtu wa kuongea naye. Tangu mkewe afariki, sauti pekee nyumbani kwake ilikuwa ya birika, nalo likishachemka hunyamaza.

Kazi yake ilikuwa kulaza chupa za miche ubavu, nyuma ya pazia jeusi, na kutazama mizizi ikipinda. Si uchawi. Mche ukilazwa, homoni iitwayo auksini hukusanyika upande wa chini. Kwenye shina huharakisha ukuaji, shina likainuka. Kwenye mzizi hupunguza kasi, upande wa juu ukarefuka zaidi, mzizi ukainama kufuata mvutano wa ardhi.

Wiki ile mizizi ilikwenda upogo: imeinama huku, ikageuka, ikainama kule. Rafu nayo haikuwa na chembe ya vumbi. Fundi akajua kuna mtu anazigeuza chupa, chini inakuwa juu, na auksini inahama upande.

Jioni akabaki kumsubiri. Akaingia mama wa usafi na ndoo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe unayeshika chupa zangu?"

"Nafuta vumbi tu, kisha nazilaza kama zilivyokuwa." Akacheka kidogo. "Na kuzisalimia nazisalimia. Jengo hili kimya, mtu unaweza kusahau kuongea."

Alitaka kusema hata yeye ni hivyo hivyo, lakini mdomo ukamponza.

"Unazilaza bila kujua upande upi ulikuwa chini. Umeniharibia kazi. Usiguse kitu humu."

"Nisamehe, mzee. Basi humu siingii tena. Nitaishia koridoni."

Mizizi iliyofuata ilipinda vizuri ajabu. Mkuu wa kitengo akampigapiga begani, akaenda zake. Fundi akabaki na ushindi wake, amenuna, akiona uchungu kwamba hakuna wa kumuuliza hata swali la kijinga.

Jioni moja alisikia deki ikipigwa nje ya mlango, kisha ikianza kusogea mbali. Akainuka, akachukua kikombe chake, akamimina maji yote sakafuni, akafungua mlango.

"Mama," aliita, "humu kuna maji yamemwagika. Njoo, na nikuonyeshe chupa zinavyoshikwa."