Kibali cha Ngiri Mmoja

Jumanne asubuhi, mjane mwenye shamba la viazi vitamu alifika ofisi ya vibali vya uwindaji akiwa na picha mbili ndogo, cheti cha daktari na gobore la marehemu mumewe, alilolifunga kwenye shuka kuukuu. Ilikuwa safari yake ya nne. Kila mara kilikosekana kitu, na kila aliporudi nyumbani alikuta matuta mengine yamefukuliwa.

Mjane alimjua mwizi. Ni ngiri mmoja, yuleyule, mnene, hana haya hata kidogo. Viazi hivyo ndivyo chakula cha mjane mpaka mvua zijazo, na matuta yalibaki kumi na moja.

Shida ni kwamba mjane alikuwa mgeni. Mwaka uliopita wapima ardhi walipitisha mpaka wa mkoa katikati ya nyumba yake. Jiko na shamba vikaangukia ndani ya mkoa, chumba cha kulala kikabaki nje, na kwa mujibu wa kanuni mtu ni wa kule anakolala.

"Basi nitahamishia kitanda jikoni," alimwambia karani safari ya pili.

"Ruksa, mama. Ukishalala humo miezi sita, njoo nikuandike mwenyeji."

"Miezi sita! Nitakuwa nakula udongo, mwanangu."

Karani hakuwa mtu mbaya, alipenda tu karatasi zikae sawa. Safari hii alizipitia moja moja, akilamba kidole, mpaka ya mwisho.

"Kasoro mwongozaji. Mgeni hawindi bila mwenyeji wa kumwongoza."

Majirani wote wa mjane walikuwa upande wa chumba cha kulala, wageni vilevile.

"Mimi naweza," alisema wa tatu kwenye foleni.

Alikuwa ngiri. Alikuwa amenawa miguu kwenye bomba la nje, jambo lililompendeza karani, maana wengi huingia na matope yao.

"Subiri zamu yako, mzee."

Ngiri akasubiri. Zamu yake ilipofika, karani alimwuliza analala wapi.

"Kwenye matuta ya huyu mama, tangu nizaliwe."

"Kweli, mama?"

Mjane hakuzoea kusema uongo mbele ya mhuri. "Kweli," alisema kwa uchungu. "Na mama yake alilala hapohapo, mshenzi yule."

Vizazi viwili! Karani alifurahi, akamwandika mwongozaji, akagonga mhuri.

"Lakini jamani, si ndiye ninayetaka kumpiga?"

"Hapa pameandikwa ngiri mmoja, mama. Hapajaandikwa yupi. Utapiga pale atakapokuonyesha."

Alhamisi walitoka kuwinda. Ngiri alitangulia, akinyata, akinusa upepo kama mtu wa kazi. "Pale," alinong'ona, na mjane akapiga kisiki. "Pale," na mjane akapiga kichuguu.

"Umekosa kidogo tu," ngiri alimtia moyo.

Mara moja mjane aligeuza mtutu kidogo upande wa ngiri. Ngiri alikohoa, akamkumbusha kuwa mgeni anayemdhuru mwongozaji hapati kibali tena maisha yake yote, na ngiri wengine wapo. Mjane akaurudisha mtutu, machozi yakimlengalenga kwa hasira.

Jioni ngiri alijaza ripoti: hakuna ngiri aliyeonekana. Akaweka alama ya ukwato. Kisha akamwomba mjane asome nyuma ya kibali, mstari wa mwisho, ule wa maandishi madogo.

Mjane alivaa miwani, akasoma mara mbili. Mgeni atamlisha mwongozaji wake kwa muda wote wa kibali.

Akachukua jembe. Alichimba, akaosha, akachemsha, huku ngiri amekaa kwenye kizingiti cha jiko, upande wa ndani ya mkoa.

"Kumbe vikiiva ndivyo vitamu hivi," alisema ngiri akitafuna. "Siku zote nilikuwa nakula vibichi kwa ujinga wangu, mama."

Mjane alikwangua kilichobaki kwenye sufuria. Matuta yalikuwa tisa, na kibali kilikuwa bado na miezi sita kasoro siku mbili.