Injini Mbili, Filta Moja

Kila Jumapili alasiri nilisema maneno yale yale, na wateja waliyapenda. Boti hii ni ya jeti, injini mbili. Haina rafadha inayozunguka nje. Maji yananyonywa kwa chini na kusukumwa nyuma kwa nguvu, kwa hiyo ukishazima, mwanao anaogelea karibu na ngazi na hakuna chuma cha kumkata mguu. Inapita hata pale maji yanapofika magotini. Ukisukuma mkono wa mafuta inainua pua, inalala juu ya maji, na kabla hujahesabu tano unakwenda mwendo wa gari la barabara kuu. Petroli inakunywa, sikufichi. Hapo nilifuta mikono, kisha nikamalizia: uzuri wake ni kwamba moja ikifa, nyingine inakurudisha nyumbani.

Jumapili hiyo nilikuwa namwambia daktari wa meno na mkewe, tumesimama katikati ya karakana, bosi wangu pembeni anatabasamu kwa sababu alishaona boti imenunuliwa. Simu yangu ikalia. Binti yangu. Nikaweka spika, kwa maringo tu. Nilijua yuko bwawani na mumewe na watoto wao wawili, ndani ya boti ya karakana ya aina hiyo hiyo, niliyoiazima ili wajukuu wapate siku yao. Nilitaka daktari asikie watoto wanavyopiga kelele za furaha.

"Baba, zimezima," akasema.

"Ipi?"

"Zote mbili."

Nikamwambia apige stata huku ameweka simu karibu na injini. Ya kulia ikazunguka, ikashika kidogo, ikakohoa, ikafa. Ya kushoto vivyo hivyo: kikohozi kile kile, urefu ule ule. Karakanani wananiita Sikio, kwa kuwa nasikia ugonjwa wa injini kabla haijafunguliwa, na jina hilo sikulipata kwa kuhonga. Injini mbili haziugui ugonjwa mmoja kwa saa moja mpaka ziwe zimekula chungu kimoja. Nilijua pale pale.

Maana chungu hicho nilikitengeneza mimi. Boti ile ilitoka kiwandani kila injini na mpira wake wa mafuta na filta yake ya kuchuja maji kwenye petroli, kwa ajili ya siku kama hiyo. Miezi mitatu kabla, kikombe cha filta ya kushoto kilipasuka. Kipuri kilikuwa cha kusubiri wiki mbili, na mimi sina subira ya wiki mbili. Nikachukua kiungo cha shaba chenye matawi matatu, nikazilisha injini zote mbili kwa filta ya kulia. Kazi safi, usingeona mshono. Nikasema ni ya siku mbili tatu. Boti ikaenda vizuri, kipuri kikaja, nikakiweka rafuni kikakaa. Filta moja ikijaa maji, injini zote zinakosa pumzi. Boti ya injini mbili nilikuwa nimeigeuza ya injini moja, na sikumwambia mtu.

Asubuhi ile mkwe wangu aliniuliza. Ni mwalimu wa hesabu, mpole, mtu wa kufuta miwani kabla ya kuitikia salamu, na miaka yote ile sikuwa nimeacha kumtania kwamba anajua kuhesabu kila kitu isipokuwa nati. Alichungulia chumba cha injini akasema, "Baba, hizi mbili zinapata mafuta kwa njia tofauti?" Nikamjibu, "Mwalimu, wewe shika chaki, bisibisi niachie mimi." Watoto wakacheka. Naye akacheka, akafunga kifuniko.

Sasa nilitakiwa kusema, kwenye spika, mbele ya bosi na daktari, na Mwalimu mwenyewe akisikia upande wa pili: ni mimi, nimeziunganisha. Sentensi moja. Badala yake nikasema, "Angalieni magugu."

Magugu yakiziba tundu la kunyonya maji, boti ya jeti hupoteza nguvu, lakini injini haizimi. Nilijua hivyo wakati maneno yanatoka mdomoni. Nikamsikia Mwalimu akifungua kifuniko cha nyuma na kuingiza mkono.

"Pasafi, Baba," akasema.

"Angalieni ile kamba nyekundu ya usalama, ya kuzima injini, kama imechomoka."

"Ipo mahali pake."

"Basi swichi ya betri. Izime, iwashe."

Kila jambo lilikuwa na dakika zake. Daktari wa meno alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima, akiona fundi anavyokwenda hatua kwa hatua. Nami nilikuwa najitetea moyoni. Huenda injini itashika yenyewe. Huenda boti nyingine itapita iwavute, nami kesho nifungue kile kiungo cha shaba nikitupe, na hakuna atakayejua. Niliona haya, na haya yangu niliiona kubwa kuliko wao. Hilo ndilo nililofanya, na sina jina lingine la kuliita.

"Mko wapi?" bosi akauliza, akiinamia simu.

"Tunaona maboya mekundu," binti yangu akasema. "Yanakuja."

Tabasamu la bosi likaisha. Mvua za wiki ile zilikuwa zimejaza bwawa, na milango ya ukuta wa bwawa ilikuwa wazi kupunguza maji. Maboya mekundu yanafungwa mbele ya ukuta ili watu wasivuke; ng'ambo yake maji yana safari moja tu. Na boti ya jeti isiyo na injini haina hata usukani, kwa sababu kinachoigeuza ni yale maji inayoyasukuma.

"Nanga?"

"Tumeshusha. Kamba imeisha, haijagusa chini."

Bosi alikimbia ofisini kuwapigia watu wa bwawa. Nikamsikia akisema, "Dakika ngapi? Nusu saa kufunga milango?" Boti pekee iliyokuwa karibu ni ile ya maonyesho tuliyoiegemea, juu ya trela, tangi kavu.

Ndipo Mwalimu akachukua simu. "Baba, naogelea na kamba mpaka kwenye boya, nitaifunga pale. Itatushikilia mpaka uone la kufanya."

"Subiri," nikasema.

"Hatuna muda huo, Baba."

Alisema bila kunilaumu, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwanafunzi kwamba saa imekwisha. Nikasikia maji yakipasuka. Kisha mjukuu wangu wa kike, wa miaka mitano, akasema karibu kabisa na simu, "Babu, baba ameingia majini na miwani."

Nilizima spika, nikawapa mgongo wote, nikaenda nyuma ya rundo la matairi. Tangu simu ilipoingia zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Nimezipima baadaye, mara nyingi.

"Nisikilize," nikamwambia binti yangu. "Filta imejaa maji. Zote mbili zinatumia filta moja, nimeziunganisha mimi. Fungua chumba cha injini."

Mwanangu amekulia karakanani, ameanza kushika bisibisi kabla ya penseli. Alielewa kila kitu.

"Upande gani?" akauliza.

"Kulia. Kikombe cheusi. Mpira unaoingia unatoka tangini, mpira unaotoka unakwenda kwenye kiungo cha shaba. Achana na ya kushoto. Mpira wa tangi uuchomoe kwenye filta, uuchomeke moja kwa moja kwenye mpira wa injini ya kulia. Kuna kipande cha bomba kwenye kisanduku cha vifaa. Kaza klipu mbili."

"Amefika kwenye boya," akasema, akihema. "Amefunga. Boti imesimama, Baba, kamba imekaza, imetushika."

Nikasikia chuma kikigonga chuma, kaka mtu akimwambia mdogo wake ashike tochi vizuri, na mama yao akiwaambia wasiangalie nyuma, waangalie mikono yake.

"Petroli imemwagika," akasema.

"Nyingi?"

"Imelowesha sakafu."

"Washa feni ya kutoa hewa. Usipige stata. Hesabu dakika nne."

"Baba, yuko kwenye maji."

"Ukipiga stata sasa mtalipuka wote. Dakika nne."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu kama mwanangu alivyoniomba katika dakika zile. Hakuomba kwa maneno, aliomba kwa pumzi. Feni ilikuwa ikivuma. Alikuwa akinieleza anachokiona, sauti yake imenyooka kwa nguvu. Ameshika boya kwa mikono miwili. Maji yanampita mabegani. Ameachia mkono mmoja, ameshika kamba. Anataka kurudi kwenye boti kwa kujivuta.

"Mwambie akae kwenye boya," nikasema.

"Nimepiga kelele. Hasikii, maji yana mshindo."

"Imebaki ngapi?"

"Moja na nusu."

Mtoto wa kiume, wa miaka minane, akaita, "Baba." Hakupiga yowe. Aliita kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Akaita tena.

"Ameachia," binti yangu akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya matairi, mkono mmoja kwenye ukuta. Nikamuuliza dakika ngapi. Ndiyo, hicho ndicho nilichouliza. Zilipotimia nikamwambia apige, na ya kulia ikashika mara ya kwanza, ikakaa, sauti safi. Sikio langu likafurahi kabla mimi mwenyewe sijajua ninafurahia nini, na nikalichukia.

"Namfuata," akasema.

"Hapana. Kata kamba, geuza pua, sukuma mafuta mpaka mwisho."

"Naliona jaketi lake la kuelea, Baba. Naliona, liko karibu na mlango."

"Una injini moja. Ukikaribia pale haikutoi. Una watoto wawili nyuma yako. Geuza."

Nilimwamuru mwanangu amwache mumewe, naye akanitii, kama alivyonitii tangu utoto. Moja iliwarudisha nyumbani.

Mwalimu alipatikana siku ya pili, chini ya ukuta, upande wa mto. Jaketi lilikuwa limefungwa vizuri, vifungo vyote.

Jioni ya maziko nyumba ya mama yake ilijaa. Viti vya plastiki vilipangwa sebuleni, barazani, mpaka mlangoni. Bosi alikuwa amekuja na daktari wa meno, na daktari alikuwa amesimulia kila chumba jinsi nilivyotulia na simu, hatua kwa hatua, bila kutetemeka, nikaokoa roho tatu. Watu walinipisha nilipopita. Mzee mmoja nisiyemjua aliniinukia kwenye kiti chake. Niliwaambia filta ilikuwa mbovu na kwamba kosa la kuziunganisha injini lilikuwa langu. Nilisema hivyo kwa kila aliyenisogelea, na kila mmoja alinipiga begani akasema mafundi wote wanafanya hivyo, kazi ya Mungu haina makosa, usijitese. Niligundua kwamba nusu ya ukweli inamfariji anayeisema, na hapo nikaanza kujiogopa.

Binti yangu alikuwa amekaa ukutani, watoto wamelala mapajani pake. Aliponiona alisogea kunipa nafasi. Alikuwa hajanilaumu kwa neno hata moja. Alidhani niliambiwa, nikafikiri, nikagundua, nikasema. Kwamba dakika zile kumi na moja zilikuwa za kutafuta.

Mama yake Mwalimu alitoka chumbani akishikwa na dada yake. Ni mwanamke mfupi, mkunga mstaafu, mwenye mikono yenye nguvu. Walimwonyesha nilipo, akaja moja kwa moja, akakaa kwenye kiti kilichonielekea, magoti yetu yakigusana, akachukua mikono yangu yote miwili.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "mwanangu ameondoka, hilo siwezi kulisema zaidi. Lakini umeniachia hawa watatu. Nimeambiwa ulivyokuwa. Ningekuwa na cha kukupa ningekupa. Sina. Nakushukuru tu."

Ningeweza kuitikia kwa kichwa. Kila mtu pale alikuwa akiningoja niitikie kwa kichwa.

"Mama," nikasema, "aliyewaokoa ni mwanao. Aliwashikilia pale kwenye boya mpaka injini ikawaka. Mimi nilijua ubovu tangu mwanzo. Nilizisikia zikikohoa nikajua, dakika ile ile. Nikawatuma watafute magugu, nikawatuma watafute swichi, kwa sababu niliona aibu kusema mbele ya watu, na mbele yake yeye. Nilipokuja kusema alikuwa ameshaingia majini. Ningesema mara ya kwanza, asingeingia."

Sikumtazama binti yangu. Nilimsikia tu akivuta pumzi, na nikamsikia haitoi.

Mama yake Mwalimu aliendelea kunishika kwa muda, akinitazama usoni, bila hasira niliyoweza kuiona. Kisha akaachia mkono wangu wa kulia. Kisha wa kushoto. Akageukia ukutani, akamwambia binti yangu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga watu wa kulala:

"Mwanangu, waamshe watoto. Njooni mkae upande huu."

Binti yangu akawaamsha, akawashika mikono, wakapita mbele yangu wakaenda.