Janti ya Mzee Massoudi

Mwaka ule wa tisini na sita kengele ya parokia yetu ilinyamaza, maana aliyekuwa akiivuta alikimbilia Uvira. Iliniuma sana. Binti yangu Pascaline alikuwa mtaa wa Musaga, upande wa pili wa mji, mimba ya miezi minane, na barabara haipitiki kwa vita. Tulikuwa tumepatana: saa sita kengele ikilia, yeye kule na mimi hapa Buyenzi, tupige magoti tusali Malaika wa Bwana kwa pamoja. Na saa ya mkono sina. Ya marehemu mume wangu alizikwa nayo.

Jirani yangu ni Mzee Massoudi, fundi wa magari. Garaji yake ina janti, ringi ya gurudumu la lori, imening'inia kwa mnyororo. Akiigonga, mafundi wanaacha spana. Saa hiyo kwake ni adhuhuri, watu wa ofisi wanasema midi, wa milimani mutaga. Nikasema, jina si kitu, jua ni lile lile. Nikaanza kusali kwa janti.

Siku ya kumi na tatu nikatazama chini. Janti imelia, na kivuli changu bado kimelala magharibi, kuelekea Kongo! Saa sita ya kweli mtu anakanyaga kivuli chake. Nikatoka na rozari mkononi.

"Mzee Massoudi, adhuhuri yako inatoka wapi?"

"Ile ya janti? Mu tumbo, Mama Pascaline. Njaa ikinishika, nagonga."

"Na kuswali?"

"Apana, kuswali ni adhana. Janti ni ya maharage."

Adhana nilizisikia kila siku, lakini nilidhani wanakula kwanza. Sikucheka. Nikamweleza habari ya binti yangu anayepiga magoti peke yake na tumbo lile. Akafuta mikono polepole.

"Kengele yenu inalia namna gani?"

"Tatu, tatu, tatu. Katikati, kimya cha Salamu Maria moja."

"Mi Salamu Maria siijui."

"Basi vuta pumzi saba."

Kesho yake, kivuli kikiwa chini ya nyayo, nikasikia: ngo, ngo, ngo. Kimya. Halafu sauti za mafundi, "Tunakuja, mzee!" Naye, "Mukae! Hii si yenu!"

Hata Ijumaa, kanzu mwilini, aligonga kwanza ndipo akaenda msikitini.

Mwezi uliofuata barabara ikafunguka. Pascaline akaja na mtoto wa kike mgongoni, nikamwungamia zile siku kumi na tatu. Akafunika mdomo.

"Mama, kengele ya kule nayo ilinyamaza. Mi nilikuwa nasali maharage ikianza kuchemka. Siku ingine saa ine, siku ingine saa nane."

"We mutoto!"

"Kuni zilikuwa mbichi, mama."

Kabla sijamjibu, ngo, ngo, ngo. Tukapiga magoti pale pale ukumbini, mtoto katikati yetu. Tukavuta pumzi saba.