Kichwa cha Pikapu ya Nikodemo

Tabea alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliizungumza kwa sauti ya chini. Akichoka na shamba, aliingia ndani ya gari bovu la marehemu mumewe, akafunga mlango, akakaa. Halii, haombi. Anachambua maharage. Pikapu yenyewe ilikuwa ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, imelala nyuma ya nyumba tangu fremu yake ilipokatika kwa kutu, na kuku walikuwa wameshajimilikisha sehemu ya mizigo. Lakini kichwa, pale mbele wanapokaa watu, kilikuwa kizima, na kuku walifukuzwa pale kwa ufagio mpaka wakaelewa.

Marehemu Nikodemo alikuwa mtu wa kwanza katika kijiji chao, nje kidogo ya Njombe, kumiliki gari. Alikuwa amelinunua likiwa kuukuu tayari, kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kila walipopeleka pareto mjini, Tabea alikaa upande wa kushoto, karibu na dirisha, kama mke wa Bwana Shauri, mtawala wa Kiingereza wa wilaya. Watu walisema wee, wakachoka. Mwanamke wa Kibena anakaa mbele, mizigo na wanaume wanakaa nyuma! Nikodemo alicheka tu. Alipobadilisha gia, mkono wake uligusa goti la mkewe, na alizibadilisha gia hata mahali ambapo barabara haikuhitaji. Tabea hakumwambia mtu jambo hilo, lakini ndilo alilolikumbuka kila alipokaa mle na ungo wake wa maharage. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kupanda tena katika kiti kile, gari likitembea.

Basi alipofika Mika na shauri lake, Tabea aliona kama ameteremshiwa jibu.

Mika alikuwa mkwewe, mume wa binti yake Ema, Mkinga wa Makete mwenye mikono ya biashara na adabu nyingi. Alikuwa amepata lori lililopinduka karibu na Makambako. Lori jipya, fremu nzima, injini nzima, ila kichwa kilikuwa kimepondeka mpaka hakifai hata kwa banda la mbuzi. Kichwa kingine cha aina yake hakikupatikana Iringa wala Mbeya. Hapo ndipo alipolikumbuka gari la baba mkwe.

Alikuja kuomba kama inavyotakiwa. Alikaa nje, ameupa mlango mgongo. Tabea alikuwa ndani, uso ukutani. Ema, mwenye mimba ya miezi saba, alisimama kizingitini kufikisha maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani, hawagusani, hawakai mkeka mmoja. Ukristo ulikuwa umeingia na kuondoa mengi, hilo ukaliacha.

"Mwambie mama," alisema Mika, "kichwa cha baba kitatembea tena."

"Mika anasema kichwa cha baba kitatembea tena," alisema Ema.

"Nimesikia," alisema Tabea. "Mwambie nakitoa. Ila kiti changu kibaki changu."

"Mwambie mama kiti ni chake mpaka mwisho."

Wakakubaliana hivyo, watu wazima watatu, kila mmoja na akili zake timamu. Mika aliwaza magunia. Ema aliwaza mtoto. Tabea aliwaza safari, na kila alipoiwaza, aliyeshika usukani alikuwa Nikodemo.

Kichwa kilipelekwa Makambako kwa Yonathani, fundi aliyekuwa na uwanja wake karibu na njia panda. Yonathani alikuwa mtu wa maneno mengi na vipimo vichache. Alikinyanyua kichwa kwa minyororo, akakishusha juu ya fremu ya lori, akakuna kichwa chake mwenyewe. Cha pikapu kilikuwa chembamba, fremu ilikuwa pana. Injini ilisukuma ukuta wa mbele, na gia haikuwa na pa kutokea. Akatoa tindo na gesi, akakata sakafu. Akakata na sehemu ya ukuta. Akachomelea vyuma pembeni ili kichwa kipate pa kukalia, akaweka raba chini yake ili kisitetemeke sana, akafunga bolti nene. Kazi ilipofika mwisho alituma habari Njombe: njooni mchukue mali yenu.

Walikwenda wote. Mika na Ema walitangulia kwa lifti ya lori moja, Tabea akafuata na jingine, kama adabu ilivyotaka. Hata hapo hakuna aliyeshtuka.

Tabea alipoiona kazi ile, machozi yalimtoka. Kichwa kilikuwa kimepakwa rangi, kimesimama juu kuliko zamani, kinachekesha kidogo, kama mtu mwenye kofia ndogo. Lakini kilikuwa chenyewe. Mlango wa kushoto ulifunguka kwa mlio uleule. Alipanda, akakaa, akaweka mikono mapajani. Furaha ilimjaa mpaka akaona aibu mbele ya fundi.

"Umependeza, mama," alisema Yonathani. "Bwana Mika! Panda basi ushike usukani, nione kama gia inakufikia."

Mika alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango wa kulia. Mguu mmoja ulikuwa hewani. Ukabaki hewani, halafu ukarudi chini.

Tabea alitazama sakafu. Gia ilikuwa imetokea pale fundi alipoweza kukata, si katikati hasa, bali upande wa abiria. Chuma kirefu, kimesimama kando ya goti lake la kulia. Aliona mkono utakaokuja pale. Ulikuwa wa Mika, mume wa mwanawe. Damu ilimpanda usoni, akafungua mlango, akashuka haraka hata akajigonga kiwiko. Mika alikuwa ameshakwenda nyuma ya lori, akaanza kukagua taa ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Kulikoni?" aliuliza Yonathani.

Naye hakuwa mgeni wa nchi hii, akaelewa mwenyewe. "Hee," alisema. "Hee, jamani."

Tabea alimvuta pembeni. "Fundi, weka ubao katikati. Kama ukuta."

"Mama, na mkono wake upite wapi? Gia iko upande wako."

"Irudishe gia upande wake."

"Inatoka chini kule kwenye injini, mama. Si mti, niung'oe nipande kwingine."

"Basi kifungue kichwa. Nirudishie kilivyokuwa."

Yonathani aliyainamisha macho. "Nimeshakikata, mama yangu. Sakafu haipo. Nikikifungua ni mabati tu."

Ema akasema atakaa katikati, awe ukuta yeye. Akapanda, mama yake akapanda pembeni. Lakini tumbo lilikuwa mbele na gia ilikuwa kati ya magoti. Yonathani alipojaribu kuingiza gia ya pili, Ema alipiga ukelele, akashushwa. Akasema basi yeye akae nyuma kwenye bodi, pale penye mizigo. Tabea akamkatalia kwa ukali: na mimba ile, juu ya magunia, barabara ile? Isitoshe, Ema akikaa nyuma, mbele wangebaki nani?

Dereva mwingine hawakuwa naye, na Yonathani hangeweza kuuacha uwanja wake. Mika alisimama mbali, kofia mkononi, anaona haya kama mtu aliyeiba. Angekubali kulisukuma lori lile mpaka Njombe kwa mabega yake, lakini hilo silo lililotakiwa. Tabea alimwonea huruma, kisha akamchukia, kisha akaona hana hata sababu ya kumchukia. Hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Angekuwepo mwovu, angemlaani.

"Panda, mwanangu," alimwambia Ema. "Ukae mbele. Mimi nitakaa nyuma."

"Mama, kiti ni chako."

"Panda nimesema."

Yonathani alileta ngazi. Tabea akapanda kwenye bodi, akaketi juu ya magunia ya chumvi ambayo Mika alikuwa ameyanunua. Alipewa blanketi. Lori likanguruma, likaondoka, na kwa kweli lilikwenda vizuri. Yonathani alipunga mkono mpaka likapotea.

Upepo wa njia ya Njombe mwezi Juni hauna mzaha. Ulipenya blanketi, ukapenya kitenge, magoti yakafa ganzi. Mbele yake kulikuwa na kidirisha kidogo cha nyuma ya kichwa, na kupitia kioo chake aliona kisogo cha Ema, upande wa kushoto, karibu na dirisha. Mara Ema alicheka kitu. Tabea alijaribu kufurahi. Ni mwanawe, na yule ni mumewe, na gari halikwenda kwa watu wengine. Alijiambia hayo mara nyingi. Moyo ulikataa katakata. Aligeuka akatazama walikotoka.

Habari zilikuwa zimewatangulia. Lori lilipoingia kijijini watu walimiminika kutoka mashambani, wengine na majembe. Vigelegele vikapasuka. "Gari la Nikodemo! Gari la Nikodemo limerudi!" Mbele ya wote alikuwa Getruda, dada wa marehemu, aliyekuwa akimtania wifi yake tangu zamani kwa kukaa mbele kama mzungu. Alifungua mlango wa kushoto kwa mikono yote miwili, tayari kumkumbatia.

"Kamwene, wifi yangu!" alisalimia kwa Kibena, akipaza sauti. Kisha akamwona Ema. "Mama yako yuko wapi?"

Watu walisongamana mlangoni. Walichungulia, wakagusa kiti, wakagusa usukani, wakaulizana mama Ema yuko wapi, kwa nini hakuja na gari la mumewe. Ema alijaribu kueleza, lakini injini ilikuwa bado inanguruma na vigelegele vilikuwa vimeanza upya.

"Niko huku," alisema Tabea kutoka juu.

Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Ngazi ilikuwa imebaki Makambako, na ubavu wa bodi ulikuwa mrefu kwenda chini. Alishika ukingo wa mbao, akasema tena, kwa nguvu zaidi, "Niko huku juu!" Hakuna kichwa kilichoinuka. Wote walikuwa wanakitazama kiti.

Mika peke yake alikuwa ameshuka upande wa kulia, hatua chache tu kutoka pale. Yeye alisikia. Tabea alijua kwamba amesikia, kwa sababu aliona mabega yake yakishtuka. Mkono wake ulianza kuinuka, ukasita. Kisha aliinamisha kichwa na kumpa mgongo kwa heshima, kama inavyotakiwa, akabaki amesimama hivyo.