Taa ya Bwana Mchana

Kaa hapa nikutegee kitendawili. Kikiwa kidogo kinakushika mkono hadi mlangoni. Kikizidi kinakusukuma shimoni. Si pombe, najua ndiyo iliyokujia kwanza. Ukishindwa, nenda kamuulize Mama Dobi. Utamkuta uani kwake, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, uso umemvimba kwa hasira. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: taa. Kisha ataongeza neno ambalo siliandiki.

"Pole sana, jirani," alikuwa akisema muuza mkaa. "Lakini kweli, na taa yote ile, hukuuona mtaro?"

Mama Dobi alimeza mate. Kila aliyekuja kumpa pole aliuliza hilohilo, kana kwamba yeye aliuona, akaupenda, akaingia kupumzika.

"Kauze mkaa," alisema.

Taa yenyewe ilifungwa na mkwe wake, fundi umeme aliyemwoa bintiye wa pekee. Aliipachika kwenye ukuta wa nyumba ya wageni, mwisho wa uchochoro, ikiwatazama waendao huko uso kwa uso. Jioni ya kwanza watu walipiga makofi. Wakambatiza fundi jina: Bwana Mchana. Akalivaa kama shati jipya.

Mama Dobi peke yake ndiye aliyelalamika. "Mkwe wangu, taa yako inatia macho kiwi."

"Kiwi ni ya viatu, Mama!" alijibu fundi, na uchochoro mzima ukacheka. Naye akacheka. Mkwe ni mkwe, utamfanyaje? Akaendelea kupeleka shuka za wageni kila jioni, beseni kichwani, akinyata kama mwizi kwenye njia aliyoizoea miaka yote. Mpaka mguu ukakosa ardhi.

Sasa mkono uliokuwa ukikamua shuka hadi zilie, haukuweza hata kufunga kanga. Wa kubeba beseni alikuwa bintiye, na bintiye alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, siku yoyote tu. Kila jioni alipotoka, Mama Dobi alibaki mlangoni, ametega sikio, hapumui vizuri mpaka asikie kandambili zake zikirudi.

Jioni hiyo jua lilikuwa limekwisha kuzama. Binti alikuwa akianua shuka, huku vibanio akivitupia kwenye chombo cheusi cha bati, kirefu, kilichokatwa upande mmoja. Ta! Ta! Mama Dobi alikitazama kile chombo. Akakitazama tena.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Hiki? Kilikuwa kwenye boksi la taa. Baba Kijacho alisema ni kofia yake tu, haina kazi."

Baba Kijacho, ndiye huyo Bwana Mchana, alikuwa kizingitini akiviringisha waya. "Kofia ile inakula mwanga, Mama," alisema bila kuinua kichwa. "Inaulazimisha uende chini tu, kwenye ardhi. Nani angeiona taa kutoka mbali?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba ina kofia. Kwamba waliotengeneza taa walijua watu wana macho!"

"Mama, tusigombane. Na umri nao... macho huchoka."

Ndoo ilibiringika hadi ukutani, jinsi alivyoinuka.

"Macho yangu? Macho haya yanaona tone la chai kwenye shuka nyeupe! Unajua nalitafutaje doa? Naligeuzia jua mgongo. Nikiligeukia jua, sioni doa wala shuka! Wewe umetubandikia jua usoni, kisha unakuja kunipa pole na chungwa!"

"Mama..."

"Leo mkwe sina. Beba beseni."

Fundi alimtazama mkewe, akitafuta mtetezi. Mkewe alikuwa ameshika kiuno. "Beba, Baba Kijacho," alisema taratibu. "Mimi naogopa kila siku. Wewe huniulizi."

Alijitwika. Walipoingia uchochoroni, milango ilikuwa imekwisha kufunguka. "Jamani, Bwana Mchana kawa dobi!" alipiga kelele muuza mkaa. "Na mimi nina suruali yangu!" Watu wakaangua kicheko, na fundi akacheka nao, shingo imekakamaa chini ya mzigo.

Mama Dobi alimfuata nyuma, ameshika pindo la shati lake kwa mkono wa kushoto.

Taa ikawapokea. Fundi aliinamisha macho, beseni likainama nalo, akayainua haraka. Weupe ulimjaa kichwani. Kuta zikayeyuka. Sauti za majirani zikabaki bila nyuso.

"Unaona nini?" aliuliza Mama Dobi.

"Naona taa."

"Taa hata kipofu anaisikia joto. Mtaro je? Unauona wapi?"

Fundi alikuwa akipita hapo kila mchana na ngazi yake begani. Alijua mtaro ulikatiza njia, karibu na mlango wa bluu. Lakini mlango wa bluu ulikuwa wapi? Alitanguliza mguu, akapapasa nao, kama mtu anayetafuta skrubu iliyoingia chini ya kitanda. Jasho lilimwingia jichoni. Kicheko kilipungua, kikafa. Muuza mkaa alisogea, amekinga paji la uso kwa kiganja, akakodoa macho ardhini.

"Nimekuuliza, mwanangu."

Fundi akapiga hatua. Kandambili ilining'inia mahali ambapo hapakuwa na chini, ikamtoka mguuni, na wote wakaisikia ikitua majini. Kifungo cha shati kiliruka. Pindo lilikuwa limekazwa nyuma yake, halikuachiwa.

"Sioni, Mama," alisema.