Kadi ya Sauti na Mamba wa Ukurasa wa Themanini na Tatu

Mke wa Babu Redio alikuwa na kesi moja tu na mumewe: hakujua tena kitabu chake kinakwendaje. Macho yake yalipofifia alikuwa amefika ukurasa wa themanini, na mume akajitolea kumsomea. Lakini Babu Redio, fundi redio mstaafu, hajapata kukutana na hadithi asiitie chumvi. Ukurasa wa themanini na tatu akaingiza mamba. Mamba akazaa, na watoto wakawa mawakili. Kufika ukurasa wa mia, wakili wa kitabuni alikuwa amemezwa mara mbili na bado anahudhuria mahakamani.

"Mwandishi ni wewe au ni yule wa kwenye jalada?" mkewe akauliza.

Hapo akadai asomewe na mashine, maana mashine haina ulimi wa kuongeza. Binti yao akatuma maandishi ya kitabu kizima. Shemeji, mdogo wa mke na muuza kompyuta, akashauri wanunue mpya. Babu akakataa katakata. Kompyuta yake kuukuu aliitia Linux kwa mkono wake, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuuchungulia ndani. Kilichokufa ni sauti tu. Akanunua kadi ya sauti ya kuchomeka pembeni, ndogo kama kidole gumba na rahisi kuliko jozi ya kandambili.

Siku tatu kadi ikakaa kimya kama mkwe mpya ukweni. Babu aliandika amri, akaiona kwenye orodha: ya zamani namba sifuri, mpya namba moja, hai kabisa. Akabadili tundu, akabadili spika, akaibembeleza, akaitukana. Wapi.

Siku ya nne shemeji akaja na boksi. Mke alikwishakubali: adhuhuri ikipita bila sauti, kuukuu inaondoka. Shemeji hakungoja adhuhuri. Akatoa kompyuta mpya, akachomeka spika, sauti ikiwa imepandishwa mpaka mwisho. Babu akamshika mkono.

"Shemeji, utapasua spika. Kwanza unateremsha sauti mpaka sifuri, ndipo unawasha. Fundi yeyote mwenye akili..."

Akauachia mkono wa shemeji. Miaka arobaini alikuwa hawashi redio ya mtu bila kuiteremsha kwanza. Je, waliotengeneza mfumo huu si mafundi wenye akili?

Akarudi kwenye kompyuta yake, akafungua programu ya kupandisha na kushusha sauti. Siku zote tatu alikuwa akipandisha vipimo vya kadi ya zamani, ile iliyokufa. Akahamia kadi namba moja. Vipimo vyote vilikuwa vimelala sakafuni, na chini yake alama ya kuzibwa mdomo. Akaizibua. Akapandisha, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Ukurasa wa themanini na moja," ikasoma mashine kwa sauti yenye mafua. Kwa Babu hakuna kinanda kilichowahi kulia kwa utamu huo. Akazunguka meza akipiga makofi, huku shemeji akirudisha boksi lake mlangoni bila kuaga vizuri.

Mke alisikiliza mpaka ukurasa wa tisini, uso umechanua. Kisha akainua mkono, sauti ikasimamishwa.

"Mamba hayumo," akasema.

"Hayumo," Babu akakiri.

"Nilijua. Basi asubuhi anisomee huyu. Ila tukishakula, uje wewe. Nataka kujua wale watoto wa mamba walisomea wapi sheria."