Miche Mia Mbili ya Kasiani

Winfrida alipiga goti chini ya migomba, akachomoa kiriba cha mia moja na kumi na tisa, akakibinya. Udongo ndani ya ile plastiki nyeusi ulikuwa mkavu kama unga wa mhogo, na mche wake ulikatika kwa mlio mdogo. Akachora mstari kwenye daftari. Akachukua cha mia moja na ishirini.

"Mama, tukihesabu hivi tutalala huku," alisema Deogratias.

"Tumemaliza. Mia na ishirini, yote imekufa."

Deogratias, kijana wa ofisi ya Mvuke Vipodozi, alishika fomu kifuani kama mtu anayekinga mvua. Kampuni yake ilikuwa na maduka matano ya sabuni na losheni, na mafuta ya mchaichai yaliyozitia harufu yalichemshwa huku, kwenye miteremko ya juu ya Mlali. Kila chupa ilibeba maneno haya: Miti ya kuni zetu tumeipanda wenyewe. Wanunuzi wa nje walitaka uthibitisho kila mwaka, na kazi hiyo alipewa Winfrida, kibarua cha siku saba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa maabara ya sekondari, na hakuwahi kuandika kipimo cha joto bila kuinama kukisoma.

Isipokuwa mwaka jana. Mwaka jana mvua ilinyesha siku nne, njia zikateleza, naye akabaki ghalani Mlali na orodha ya waliosaini kupokea miche. Wakulima arobaini, kila mmoja mia mbili. Akazidisha. Akaandika: "Miti elfu nane imepandwa." Akasaini.

Alisimama, akakung'uta magoti, akamgeukia mwenye nyumba. Mzee Kasiani alikuwa ameketi kwenye kigogo, kofia mkononi.

"Mzee, ulisaini miche mia mbili. Nimeona viriba mia na ishirini. Themanini iko wapi?"

"Nilimpelekea dada yangu Mgeta. Kule kuna ardhi ya mama yetu."

"Si unaona!" Deogratias alidaka. "Themanini imepandwa. Andika themanini, mama."

"Nani ameiona?"

"Mzee amesema."

"Mwaka jana pia nilisikiliza yaliyosemwa," alisema Winfrida. "Na hata kama iko, mtu atatoka hapa mpaka Mgeta kufuata kuni za kuchemshia majani? Mzee, mbona hukuipanda hapa hapa? Shamba unalo."

Kasiani aliigeuza kofia yake mara mbili. Jibu lilitoka kwingine, kwenye kibanda cha pipa la kuchemshia mchaichai, kwa mkewe Felista, aliyekuwa akisukuma gogo motoni.

"Shamba analo nani? Huyo ni mume. Anakula, analala, analima majani. Mti hapandi."

"Miaka thelathini na minne," Kasiani alimwambia Deogratias, akicheka kidogo, "na bado mimi ni mgeni hapa."

"Mgeni mwenyewe hata kuaga hajui," alisema Felista, na wote wawili wakacheka.

Winfrida hakucheka. Alikwenda mpaka kibandani, akachuchumaa karibu na Felista, mahali ambapo mvuke wa mchaichai uliwasha macho.

"Nieleze, dada. Kwetu ni Songea. Baba alikuja kwenye mashamba ya miwa, nami nimezaliwa huku, lakini ardhi nilijua ni ya baba."

"Huku ni ya upande wa mama. Hili ni shamba la bibi yangu, na kaka yangu ndiye analiangalia kwa niaba ya ukoo. Majani hayana neno, kesho unang'oa. Mti unadai ardhi. Huyu akipanda miti mia mbili hapa, siku nikifa ndugu zake watakuja kusema shamba ni lao. Kaka angeing'oa kabla haijashika mizizi."

"Na ungepewa wewe hiyo miche?"

"Ningeipanda siku ile ile. Nani aliniuliza? Karatasi ilisema mkuu wa kaya."

Safu ile ya "mkuu wa kaya" Winfrida aliichora mwenyewe kwa rula, ghalani, siku aliposaidia kugawa miche. Alifungua orodha na kupitia majina kwa kidole. Kati ya arobaini, thelathini na nane yalikuwa ya wanaume.

Akatoa mizani ya kuning'iniza, akaomba kuni za mchemsho mmoja. Felista alizifunga kwa kamba. Kilo hamsini na nane.

"Michemsho mingapi kwa wiki?"

"Mitatu. Majani yakiwa mengi, minne."

"Kuni zinatoka wapi?"

Moto ulitatarika. Kasiani alitazama chini. Felista akaelekeza kwa midomo, mlimani, ulipoanza msitu wa hifadhi.

"Ukiandika hilo, wataacha kununua?"

"Wanaweza."

"Na usipoandika?"

"Watanunua, na kuni zitaendelea kutoka huko huko."

Felista alifuta jasho kwa upindo wa khanga. "Majani haya yamemsomesha binti yangu, unajua? Basi andika, lakini andika yote. Usiandike tunakata msitu ukaishia hapo."

Deogratias alikuwa ameshapiga simu. Akamkabidhi Winfrida bila kumtazama. Aliyekuwa upande wa pili ni Magreth, meneja.

"Dada Winfrida, wageni wanakuja mwezi ujao. Mwaka jana ulisema elfu nane."

"Nilisema. Sikuwa nimeona hata mmoja."

"Sasa unataka ujikanushe mwenyewe? Saini yako iko kwenye tovuti yetu!"

"Ndiyo maana nataka kuisahihisha mwenyewe, kabla hajaja mtu mwingine na daftari."

"Mwakani sidhani kama tutakuita," alisema Magreth.

"Sawa. Mwaka huu nimebakiza siku sita na nyumba thelathini na tisa."

Alirudisha simu, akaketi kwenye kigogo kando ya Kasiani, akaandika kwa herufi zilizosimama wima. Miche iliyopokelewa: mia mbili. Iliyoonekana hai: hakuna. Inayosemekana iko Mgeta: themanini, haijathibitishwa. Kuni: kilo hamsini na nane kwa mchemsho, kutoka hifadhini. Sababu: miche ilikabidhiwa wasio na haki ya kupanda mti kwenye ardhi wanayolima. Kosa la orodha, si la mkulima. Pendekezo: miche itolewe upya, kwa jina la mwanamke mwenye ardhi, kaka yake akiwepo. Chini kabisa akaongeza: Taarifa yangu ya mwaka jana haikutokana na kuhesabu. Ifutwe.

Akasaini. Kisha akampa Felista kalamu, naye akasaini pia, polepole. Kasiani alichungulia begani kwake.

"Leo hata mimi sitakiwi?" aliuliza.

"Wewe shahidi," alisema mkewe. "Weka hapo pembeni."

Nyumba ya pili ilikuwa ng'ambo ya kijito, mwendo wa nusu saa. Deogratias alitangulia kwa hasira, kisha akapunguza mwendo na kuibeba mizani bila kuombwa. Habari ilikuwa imewatangulia. Uani walimkuta mwanamume aliyevaa shati la Jumapili, stakabadhi ya miche mkononi, tabasamu tayari usoni.

"Karibuni, karibuni! Miche yangu yote mia mbili hii hapa, imesainiwa."

"Shikamoo, mzee," alisema Winfrida.

"Marahaba."

"Mwenye ardhi yupo?"

Yule mzee aligeuka nyuma kana kwamba kuna mgeni mwingine. Mlangoni alitokea mwanamke aliyebeba beseni la maharage mabichi. Akamtazama mumewe, akaitazama ile karatasi, akamtazama Winfrida kwa muda mrefu zaidi. Kisha akalitua beseni chini, akakaza khanga kiunoni, akashika njia ya kupanda shambani, akimwashiria Winfrida aje aone. Winfrida alifungua ukurasa mpya huku akimfuata.